Kura 9,114 Zilizoigawa Ayalandi

Mwezi huu napenda tuzungumze juu ya jambo ambalo kwa nje laonekana kuwa la wanasiasa, lakini likishaingia nyumbani hukaa mezani pamoja nasi. Nalo ni kura ya maoni inayoligawa taifa karibu nusu kwa nusu.

Uchaguzi wa wabunge una nafuu yake. Ukishindwa leo, baada ya miaka michache utarudi tena kituoni na kupiga kura upya. Kura ya maoni ni kali zaidi. Wananchi huulizwa swali moja, jibu ni ndiyo au hapana, na jibu hilo huandikwa katika katiba itakayowatawala hata wajukuu. Tena mara nyingi swali lenyewe hugusa mahali mtu anapoumia: imani yake, ardhi yake, ndoa yake. Watu wakigawanyika sawasawa katika jambo la namna hiyo, siku ya matokeo huwa ndiyo mwanzo wa ugomvi, maana kila upande una watu wa kutosha kuamini kwamba haki ni yake.

Nimechagua kueleza habari za Ayalandi, kwa sababu swali lililoulizwa kule linatugusa sisi tulioolewa kuliko maswali mengine yote: je, sheria ya nchi iruhusu talaka? Wala nchi hiyo si ngeni kwetu. Masista wa Loreto walitoka huko wakafika Kenya mwaka 1921 kuwafundisha wasichana, na wamisionari wengine wa Ayalandi wamefanya kazi katika shule na hospitali za Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Mama Teresa wa Kalkuta naye alianzia utawa wake huko. Mwaka 1928, akiwa msichana wa miaka 18, aliingia katika nyumba ya masista hao hao wa Loreto pale Rathfarnham, Dublin, kabla ya kupelekwa India. Nitamtaja tena, kwa maana aliingia katika jambo hili.

Katiba ya Ayalandi ya mwaka 1937 ilikuwa imesema waziwazi kwamba isitungwe sheria yoyote ya kuvunja ndoa. Mwanamke aliyeachwa alibaki mke wa mtu kwenye karatasi hata kama mumewe alikwisha kwenda mji mwingine na kuzaa watoto watatu na mwanamke mwingine. Kuanzia mwaka 1989 mahakama iliweza kuamuru mume na mke watengane na kugawana mali, lakini hakuna kati yao aliyeruhusiwa kuoa au kuolewa tena. Wengine walipata kwa kanisa tamko kwamba ndoa yao ilikuwa batili tangu mwanzo, lakini serikali haikulitambua tamko hilo, kwa hiyo mtu alikuwa huru madhabahuni na amefungwa ofisini. Kufikia miaka ya 1990 ilikadiriwa kwamba watu wapatao 80,000 walikuwa wametengana na wenzi wao na wanaishi katika hali hiyo ya katikati.

Jaribio la kwanza la kubadili katiba lilikuwa tarehe 26 Juni 1986, wakati Garret FitzGerald akiwa Waziri Mkuu. Wananchi walikataa kwa asilimia 63.5. Watu wa mbali walisema Waayalandi wamefuata amri ya mapadri, basi. Mimi naona maelezo hayo ni mepesi mno, na hayawaheshimu wanawake wa nchi ile. Hebu tazama mambo yalivyokuwa. Mpaka mwaka 1973 mwanamke wa Ayalandi aliyeajiriwa serikalini alilazimika kuacha kazi siku anapoolewa. Ndiyo, sheria ilimtaka aache, hata kama alikuwa hodari kuliko wanaume wote wa ofisi ile. Kwa hiyo mke wa miaka 45 au 50 aliyekwenda kupiga kura mwaka 1986 huenda hakuwa na mshahara tangu alipovaa pete. Kama aliolewa shambani, ardhi ilikuwa kwa jina la mume, tena ilitoka kwa baba wa mume. Ni kweli kwamba tangu mwaka 1976 mume hakuweza kuiuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mkewe, lakini ridhaa ni ya mke. Akishaachika, je? Atakwenda wapi? Nani atakula pensheni ya yule mzee, yeye aliyemfulia na kumpikia miaka 25, au yule aliyekuja jana?

Mama wa namna hiyo aliposema hapana, alikuwa anailinda nyumba yake. Na mwenzake aliyeachwa na watoto wanne, aliyesema ndiyo ili mambo yake yakatwe na mahakama na aanze maisha upya, naye alikuwa analinda nyumba, ile iliyobaki. Shikeni jambo hili, kwa maana bila hilo hamtaelewa kilichofuata. Wanawake wale wawili walikuwa na hofu moja, na wakaenda kuipigia kura katika pande mbili.

Miaka tisa baadaye, serikali ya John Bruton ikajaribu tena. Safari hii walikuwa wamejifunza. Kwanza zilitungwa sheria juu ya nyumba, matunzo na pensheni, ili mke asitupwe nje mikono mitupu. Kisha masharti yakawekwa ndani ya maneno ya katiba yenyewe, ili wanasiasa wa baadaye wasiyaondoe kimyakimya bungeni. Mume na mke wawe wameishi mbalimbali kwa jumla ya miaka minne katika mitano iliyopita. Pasiwe na tumaini la kupatana. Na mahakama iridhike kwamba mwenzi na watoto wamewekewa riziki ya haki. Walioandika masharti hayo walikuwa wanaongea na yule mama wa shambani wa mwaka 1986, na mimi nawasifu kwa hilo.

Lakini kampeni haikuwa na upole huo. Bango moja la wapinzani linakumbukwa hadi leo. Kwa Kiingereza lilisema maneno yenye maana ya karibu talaka, kwaheri baba. Nawaza juu ya mtoto wa miaka saba anayejifunza kusoma, anatembea kwenda shule akiwa ameshikwa mkono na mama yake, anainua macho kwenye nguzo na kuyasoma maneno hayo herufi kwa herufi. Na kama baba yake alikwisha kuondoka mwaka uliopita, je, mama huyo atamjibu nini? Tungependa wanaoandika mabango wakumbuke kwamba watoto wa siku hizi wanajua kusoma.

Mama Teresa alituma ujumbe wa kuwasihi Waayalandi wakatae. Waziri Mkuu Bruton, Mkatoliki mwenye kushika dini yake, aliwaomba wakubali. Kwa hiyo mama wa kawaida aliyekuwa anasali rozari yake jioni alisikia sauti mbili za watu anaowaheshimu, na mwisho wake akabaki peke yake na dhamiri yake.

Likatokea jambo jingine ambalo kwangu mimi ndilo zuri kuliko yote katika habari hii. Serikali ilikuwa imetenga pauni 500,000 za umma kwa matangazo ya kuwashawishi watu waseme ndiyo. Mwanamke mmoja, Patricia McKenna, mbunge wa Bunge la Ulaya kutoka chama cha Kijani, akaishtaki serikali. Fedha hizo, alisema, ni za wote, hata za wale wanaosema hapana, na si haki kuzitumia kwa upande mmoja. Tarehe 17 Novemba 1995, siku saba tu kabla ya kura, Mahakama ya Juu ikampa haki. Na huyu mama mwenyewe aliunga mkono talaka iruhusiwe! Alikuwa anahatarisha ushindi wa upande wake ili mpinzani wake asionewe. Ni wangapi kati yetu, hata katika uchaguzi wa mweka hazina wa kikundi cha akina mama, tungefanya hivyo?

Siku ya kura ilikuwa Ijumaa, tarehe 24 Novemba 1995. Upande wa magharibi mvua ilikuwa kubwa na upepo mkali, na huko ndiko walikokuwa wengi wa watu wa hapana. Zilipohesabiwa, ndiyo zilikuwa 818,842 na hapana 809,728. Tofauti ni kura 9,114 katika zaidi ya kura milioni moja na laki sita. Kwa asilimia ni 50.28 dhidi ya 49.72. Kama ukiwaweka wapiga kura 1,000 katika kanisa moja kubwa, 503 wangekuwa upande huu na 497 upande ule. Watu watatu tu wakihama benchi, pande mbili zinalingana. Na kumbuka kwamba karibu watu 38 katika kila 100 wenye haki ya kupiga kura hawakwenda kabisa. Bila shaka palikuwa na waliosema, laiti mvua isingenyesha.

Ramani ya matokeo nayo ilikuwa ya kuumiza. Majimbo yote ya Dublin yalisema ndiyo. Sehemu kubwa ya mashambani ilisema hapana. Sasa fikirini, akina mama, nani alikuwa anaishi Dublin? Wengi wao ni watoto wa wale wa mashambani, waliokwenda mjini kutafuta kazi kama vile wa kwetu wanavyokwenda Dar es Salaam na Nairobi. Mpaka ule haukupita kati ya makabila mawili wala dini mbili. Ulipita kati ya mama na binti yake. Krismasi ilikuwa mwezi mmoja tu mbele, na wote walitazamiwa kurudi nyumbani.

Jioni ya matokeo ndiyo hatari. Mtu aliyeshindwa kwa kura chache ana uchungu kuliko aliyeshindwa kwa kura nyingi, na ulimi wenye uchungu hauchagui. Pale Dublin, mahali pa kuhesabia kura, mama mmoja wa upande wa hapana aliwapigia kelele washindi kwamba wao ni watu wa kubadilishana wake, na akaongeza tusi ambalo siwezi kuliandika katika ukurasa huu. Alikuwa amefanya kazi ya kampeni kwa moyo wake wote kwa ajili ya ndoa, na kinachokumbukwa juu yake ni tusi. Wiki nne kabla yake, tarehe 30 Oktoba 1995, jimbo la Quebec huko Kanada lilikuwa limepiga kura juu ya kujitenga, na upande wa kujitenga ukashindwa kwa asilimia 49.42 dhidi ya 50.58. Kiongozi wao, Jacques Parizeau, alisimama mbele ya watu usiku ule akasema wameshindwa kwa sababu ya fedha na kura za watu wa asili nyingine. Kesho yake alitangaza kujiuzulu, lakini neno lilikwisha kutoka. Familia za wahamiaji, majirani wa miaka 30, zilisikia kwamba wao hawahesabiwi.

Washindi nao wana kosa lao, tena la kimyakimya. Husema, wananchi wameamua. Ni kweli, sheria imeamua, lakini wananchi wa Ayalandi nusu yao waliamua kinyume. Mshindi wa kura 9,114 anayetembea kama mshindi wa milioni humwambia mwenzake kwamba yeye na wazee wake ni watu wa zamani, wajinga wa shamba. Mama mkwe akiambiwa hivyo na mke wa mwanawe akiwa anamenya viazi jikoni, msitegemee atasahau kwa Pasaka.

Nadhani mnaona ninakoelekea. Katika nyumba iliyogawanyika hivi, watu wema hukimbilia kusema, tuyaache hayo, sisi ni wamoja. Mimi siamini sana dawa hiyo. Mwenye jeraha akiambiwa sisi ni wamoja husikia kwamba anaambiwa anyamaze. Kilichosaidia Ayalandi, kwa maoni yangu, ni kwamba walioshindwa hawakuambiwa wanyamaze. Des Hanafin, mwanasiasa aliyekuwa seneta na kiongozi wa kampeni ya kupinga talaka, alikwenda mahakamani. Hoja yake ilikuwa na uzito: kama mahakama imekwisha kusema zile pauni zilitumika isivyo halali, na tofauti ni ndogo kiasi hiki, je, si fedha hizo zilizoleta ushindi? Nchi nzima ikangoja. Sheria ya talaka ikasimama miezi kadhaa wakati mtu mmoja wa upande ulioshindwa anasikilizwa, na mashahidi wanaulizwa. Mwezi Juni 1996 Mahakama ya Juu ikasema haikuthibitishwa kwamba fedha zile zilibadili matokeo. Tarehe 17 Juni Rais Mary Robinson akatia sahihi, na badiliko likaingia katika katiba.

Hanafin alishindwa mara mbili. Lakini hakuna aliyeweza kusema kwamba watu wa hapana walinyimwa nafasi ya kusema. Na hukumu ya yule mama McKenna haikuondoka. Tangu siku hiyo serikali ya Ayalandi hairuhusiwi kutumia fedha za umma kuvuta upande mmoja wa kura ya maoni, na mwaka 1998 ikaundwa tume ya kuwaeleza wananchi swali bila kuwaelekeza jibu. Walioshindwa mwaka 1995 walipata kitu ambacho hata walioshinda walikihitaji baadaye.

Nyumbani ni vivyo hivyo, ingawa hakuna jaji. Binti aliyekuja kutoka mjini akiwa ameshinda ana deni la kumwuliza mama yake, uliogopa nini? Kisha asikilize mpaka mwisho bila kumkatiza kwa takwimu. Na mama aliyeshindwa ana haki ya kusema mara moja, kwa ukamilifu, kwa nini anahuzunika. Mara moja, nimesema. Si kila Jumapili. Tena jambo la watoto: mtoto asitumwe kuwa mjumbe wa kupeleka maneno kwa bibi, wala asiulizwe wewe uko upande wa nani, baba au mama. Kama mume na mke walipiga kura tofauti, na katika nchi iliyogawanyika hivyo nyumba kama hizo hazikosekani, basi kura ile ilikuwa ya siri kwa sababu njema. Si lazima kila kilichofanyika ndani ya kile kibanda cha kupigia kura kiletwe chumbani. Najua wengine mtasema ndoa haina siri. Mimi nasema ina faragha.

Na jambo moja zaidi juu ya maneno. Yule aliyesema ndiyo huenda ana sababu iliyokaa naye kwenye benchi hilo hilo la kanisa, ambayo hujaijua. Unaposema kwa sauti baada ya ibada kwamba waliopiga kura ile wanachukia ndoa, dada yako aliyeachwa anakusikia. Hatakujibu. Ataacha tu kuja.

Sheria yenyewe ilianza kazi tarehe 27 Februari 1997. Lakini talaka ya kwanza ilitolewa na Mahakama Kuu kabla ya hapo, mwezi Januari, kwa idhini ya katiba moja kwa moja. Wale waliochora picha ya vijana wakiwakimbia wake zao hawakuitazamia sura hii: aliyeiomba alikuwa mgonjwa anayekaribia kufa, aliyetaka kumwoa mwanamke aliyekuwa akiishi naye kabla hajafunga macho. Hata mtu aliyepiga kura ya hapana kwa dhamiri safi hakuweza kusoma habari ile bila kuguswa.

Na mafuriko yaliyohofiwa hayakuja. Ayalandi imeendelea kuwa miongoni mwa nchi zenye talaka chache kabisa katika Ulaya. Wa upande wa ndiyo husema hiyo yaonyesha kwamba hofu ilikuwa bure. Wa upande wa hapana husema ni kwa sababu ya masharti magumu yaliyowekwa ili kuwaridhisha wao. Wote wawili wana sehemu ya ukweli, na mimi naona wa pili wana sehemu kubwa kidogo kuliko wanavyopewa.

Tarehe 24 Mei 2019 wananchi waliitwa tena kuhusu jambo hilo hilo, mara hii kuondoa ile miaka minne katika katiba. Hoja ilianzia kwa mwanamke, Josepha Madigan, mbunge aliyekuwa wakili wa mambo ya familia kabla ya siasa. Kilio chake kilikuwa kwamba kungoja kule kulirefusha mateso ya familia zilizokwisha kuvunjika. Wengine hawana fedha za nyumba mbili. Mume analala chumba kimoja, mke na watoto kingine, na jiko linatumiwa kwa zamu, miaka minne. Asilimia 82 walisema ndiyo. Miaka 24 ilikuwa imepita. Wengi wa waliopiga kura ya hapana mwaka 1995 walikuwa wamekwisha kufa, na wengine waliobaki walikuwa wamemwona mtoto wao au mjukuu akipita mahakamani. Sheria sasa inadai miaka miwili katika mitatu iliyopita. Mimi mwenyewe naiona michache, nikiwaza ndoa ninazozijua ambazo zilipona katika mwaka wa tatu. Lakini sikuwahi kulala katika nyumba ile yenye jiko la zamu.